Taa inayowaka mchana na kupepesa jioni

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Igoma, Mwanza, nimemaliza kidato cha nne na sasa najifunza elektroniki mwenyewe nyumbani. Nimenunua LDR, yaani resista inayobadilika kwa mwanga, transista ya BC547, resista kadhaa na LED nyekundu, na natumia betri nne ndogo za volti moja na nusu. Mara ya kwanza taa iliwaka mchana na kuzimika nilipofunika LDR kwa kidole, kinyume cha nilivyotaka. Niligeuza miguu ya LDR, hakuna kilichobadilika. Nilipoibadilishia nafasi na resista ya kiloomu 10, ikaanza kuwaka gizani, lakini siku ya mawingu inawaka saa tisa alasiri, na jua likizama inapepesa. Rafiki yangu anasema LDR hii haizalishi umeme wa kutosha na kwamba ningenunua tu Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta inayopangiwa programu. Ninachotaka ni taa ya barazani, pale mama anapokaangia samaki jioni, iwake yenyewe kwa betri ya bodaboda au hata kwa umeme wa nyumbani. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umekosea mahali padogo sana, na LDR yako ni nzima. Uthibitisho umeuandika mwenyewe: ulipoifunika kwa kidole, taa ilibadilika. Kifaa kibovu hakimjali mtu anayekifunika wala anayekifunua. Una matatizo mawili tofauti yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni resista isiyolingana na kazi, na hilo ndilo linaloiwasha taa saa tisa alasiri. La pili, ambalo ndilo linaloifanya ipepese, nadhani linatokana na mahali ulipoiweka LED. Nitayaeleza moja moja, kisha tutazungumza kuhusu baraza la mama.

Kwanza tumalizane na maneno ya rafiki yako. LDR haizalishi umeme hata kidogo. Kinachozalisha umeme kutokana na mwanga ni paneli ya sola. LDR ni resista tu, ila ukinzani wake hupungua mwanga unapoongezeka. Ule uso wake wenye mstari uliojipinda kama njia ya nyoka umepakwa kadimiamu salfaidi, na gizani elektroni za kitu hicho zimeshikiliwa na atomu zake, kwa hiyo mkondo haupati wa kuubeba. Mwanga ukigonga, baadhi ya elektroni hufunguliwa na kuanza kutembea, na kadiri mwanga unavyokuwa mwingi ndivyo njia inavyokuwa nyepesi. Kwa kuwa ni resista, haina chanya wala hasi, na ndiyo sababu ulipoigeuza miguu hukuona tofauti. Transista na LED ndizo zenye mwelekeo. Hizo ukizigeuza utajua.

Tabia hii iligunduliwa na mtu aliyekuwa na malalamiko kama yako. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alikuwa akitumia vipande vya selenia kama resista katika kupima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, na vipimo vyake havikutulia. Hatimaye ilibainika kwamba selenia ilikuwa ikibadilika kulingana na mwanga uliokuwa ukiiangukia. Kilichokuwa kero kwake ndicho kitu tunachokinunua leo kwa makusudi.

Sasa tuje kwenye mpangilio. LDR na resista zikifuatana kutoka chanya hadi hasi ya betri, zinagawana volti, na transista, ambayo hapa ni swichi ndogo isiyo na mkono, inasikiliza volti ya pale katikati zinapokutana. Fikiria nyumba iliyo katikati ya mlima kule Mabatini, tangi likiwa juu na bomba likishuka hadi bondeni. Mtu wa bondeni akifungulia koki yake wazi kabisa, mwenye nyumba ya katikati huona maji yakidondoka kwa unyonge. Koki ya bondeni ikifungwa, msukumo hurudi kwake. Katika sakiti yako, LDR ndiyo koki. Ukiiweka upande wa hasi, yaani bondeni, mwanga wa mchana huifungulia, volti ya katikati huanguka na transista hulala. Giza likiingia koki hujifunga, volti hupanda, transista huamka na LED huwaka. Mara ya kwanza uliiweka juu, upande wa chanya, ndiyo maana kila kitu kilikuwa kinyume. Kwa hiyo mabadiliko uliyofanya yalikuwa sahihi, na kilichobaki ni ukubwa wa resista.

BC547 huanza kuamka volti ya besi yake, yaani mguu unaopokea amri, ikifika karibu 0.65. Betri zako nne zinatoa volti 6. Kwa resista ya kiloomu 10 upande wa juu, volti ya katikati hufika 0.65 pale LDR inapokuwa na ukinzani wa kiloomu 1.2 hivi. Kwa LDR za kawaida za madukani, kama GL5528, ukinzani huo ni wa mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) mia tatu au nne, ambao ni mwanga wa ofisi yenye taa nzuri. Chini ya paa la baraza, siku ya mawingu, mwanga wa alasiri unaweza kabisa kushuka hadi hapo. Sakiti yako basi haikukosea, ila ulikuwa umeiambia kwamba mwanga wa ofisi ni usiku.

Toa hiyo ya kiloomu 10 uweke ya kiloomu 100. Sasa volti ya katikati itafika 0.65 LDR ikiwa na kiloomu 12 hivi, na LDR ya aina hiyo huwa kati ya kiloomu 10 na 20 kwenye mwanga wa laksi 10. Hapo ni magharibi yenyewe, wakati mtu bado anaona njia lakini hasomi gazeti. Mkondo utakaoingia kwenye besi gizani utakuwa kama sehemu hamsini za milioni ya ampea, na BC547 ya wastani itaukuza hadi karibu miliampea 10, kiasi kinachotosha kuwasha LED nyekundu vizuri. Kwenye LED yenyewe acha resista ya omu 330, usiitoe kwa kudhani kwamba inapunguza mwanga; inazuia LED isiungue. Kumbuka pia kwamba ukiitazama BC547 kwa ule uso bapa, miguu ikielekea chini, wa kushoto ni kolekta, wa kati ni besi na wa kulia ni emita. Transista nyingine za umbo lilelile hupangwa tofauti, na nimewahi kupoteza jioni nzima nikilaumu betri kwa sababu hiyo tu.

Ukitaka kuchagua mwenyewe saa ya kuwaka, badala ya resista moja ya kiloomu 100 weka potenshiomita, yaani resista ya kuzungusha, ya kiloomu 100 ikifuatana na resista ya kawaida ya kiloomu 10. Ile ya kiloomu 10 ni ulinzi. Ukizungusha potenshiomita hadi mwisho bila ya kuwa nayo, besi itaungwa moja kwa moja kwenye chanya na transista itakufa kimyakimya.

Wengi huniuliza kama mbalamwezi itaidanganya LDR. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu wanajua kuliko mtu yeyote kwamba mwezi ni mwanga, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti dagaa kama siku za giza, na wengi hupumzika. Lakini mwezi mpevu hautoi hata laksi moja kamili, wakati jua la mchana linaweza kufikisha laksi laki moja. Kwa LDR iliyopimiwa laksi 10, mbalamwezi ni giza tupu.

Tuje kwenye kupepesa. Chukua kipande cha boksi, subiri jua lizame, na taa ikianza kupepesa likinge boksi katikati ya LED na LDR. Ikitulia, umempata mwizi. Kinachotokea ni hiki: giza linaingia, LED inawaka, mwanga wake unaangukia LDR, LDR inaona kumekucha na kuizima LED, giza linarudi, LED inawaka tena. Wakati mwingine haipepesi bali inakaa nusu, mwanga hafifu usiokua wala kufa, kwa sababu hizo mbili zimefikia mapatano. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga taa ya namna hii barazani, nikaacha LDR ikiitazama balbu, na usiku kucha ikawa inawaka na kuzima. Asubuhi jirani aliniuliza kama nilikuwa naita mitumbwi.

Dawa ni kuitenga. Vua mrija wa kalamu iliyokwisha wino, ukate kipande cha sentimita mbili au tatu, ukizungushie tepu nyeusi ya mafundi umeme, kisha uingize LDR ndani ili itazame upande mmoja tu. Uelekeze mrija huo angani, upande ambao taa yako haifiki, na usielekee barabarani pia. Kama taa za bodaboda zinazokatiza au radi za ziwani zinaizima taa kwa muda mfupi, weka kapasita ya mikrofaradi 470 sambamba na LDR, mguu wake wa hasi ukielekea upande wa hasi wa betri. Kapasita huifanya sakiti isiharakishe kuamua, kwa hiyo mmweko wa radi hupita kabla taa haijashtuka. Ila usiitumie kapasita kutibu taa inayojiona yenyewe, kwa sababu itaendelea kupepesa, tofauti ikiwa ni kwamba itapepesa polepole.

Hata ukishaitenga, LED itawaka taratibu, kwanza hafifu, kisha kamili, kwa sababu magharibi nayo huingia taratibu na transista moja haina neno la mkato. Kwa LED hilo si kosa. Mafundi wanaotaka uamuzi mkali hutumia IC ya kulinganisha volti kama LM393, pamoja na resista inayorudisha sehemu ya jibu kwenye swali, ili kiwango cha kuwaka na kiwango cha kuzima visiwe kimoja. Ni somo zuri, lakini kwa baraza la mama huna haja ya kulifikia leo.

Kwa baraza hilo unahitaji nguvu zaidi. Taa ya LED ya volti 12 yenye wati 5 inakula karibu ampea 0.4, na BC547 haipaswi kubebeshwa zaidi ya ampea 0.1. Hapo ndipo inapoingia rilei, swichi inayovutwa na sumaku: transista inaamrisha koili, koili inavuta swichi, na swichi ndiyo inayobeba taa. Koili ya rilei ndogo ya volti 12 huhitaji karibu miliampea 30, ambazo transista yako moja, ikilishwa kupitia kiloomu 100, haitazifikia kwa uhakika. Tumia BC547 mbili: emita ya kwanza iingie kwenye besi ya pili, kolekta zote mbili ziungwe pamoja kwenye koili, na emita ya pili iende hasi. Ya kwanza inakuza, ya pili inakuza kilichokuzwa. Zikiwa mbili, volti ya kuamka huwa maradufu, karibu 1.3, lakini na betri yako sasa ni maradufu, volti 12, kwa hiyo ile kiloomu 100 inabaki palepale na taa itawaka wakati uleule wa jioni. Hesabu hii hunifurahisha kila ninapoirudia.

Sambamba na koili weka diodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, ya 1N4007, mstari wake mweupe ukielekea chanya. Usiiache. Koili inapokatiwa mkondo ghafla hurusha volti kubwa kinyumenyume, na bila diodi ya kuimeza, transista hupasuka ndani siku ya kwanza au ya kumi. Faida nyingine ya rilei ni kwamba volti inayoivuta ni kubwa kuliko ile inayoiachia, hivyo ikishawasha haiyumbi kwa kila wingu linalopita.

Betri ya bodaboda inaonekana ndogo lakini ina hasira. Ukiipiga shoti, waya huwa mwekundu kabla hujasema lolote, kwa hiyo fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ni ya lazima. Halafu piga hesabu ya usiku. Betri ya ampea-saa 5 ikiwasha taa ya wati 5 kuanzia jioni hadi alfajiri itakauka kabisa, na betri za asidi zikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Usiishushe chini ya nusu, jambo linalokupa kama saa tano au sita za mwanga, ambazo zinamtosha mama kumaliza kukaanga na kufunga. Weka swichi ya kawaida ya kuzimia wakati wa kulala, na panga namna ya kuchaji mchana, kama ni paneli ndogo yenye chaja kontrola au chaja ya ukutani.

Ukinunua paneli, utakutana na jambo la kuvutia: taa nyingi ndogo za sola za bustanini hazina LDR kabisa. Paneli yenyewe ndiyo jicho. Volti zake zikianguka, sakiti inajua jua limezama. Ukikuta mbovu, ifungue uone.

Kuhusu Arduino, sikukatazi, ila nakuomba usiinunue kwa sababu ya tatizo hili. Ungeifunga LDR ileile, na resista ileile, na ungepambana na mwanga uleule unaojiona wenyewe, safari hii ukiwa umelipia zaidi. Isitoshe, bodi ya Arduino Uno hula miliampea arobaini au hamsini muda wote, mchana na usiku, wakati sakiti yako mchana hula karibu sehemu moja ya kumi ya miliampea tu. Itakufaa siku utakapotaka kujifunza programu, au kurekodi mwanga wa kila dakika uone magharibi ya Mwanza yanavyokwenda. Kwa faida yako, jua la huku huzama mnamo saa moja kasoro jioni, kwa wastani karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, ingawa saa zetu za ukutani ni zilezile. Swichi ya saa iliyopangwa na mtu wa Dar ingekuwashia taa mapema. LDR haisomi saa.

Umeme wa nyumbani ndio mahali ninapokuwa mkali. Usiunganishe sakiti hii na volti 230. Rilei yako inaweza kuandikwa kwamba inavumilia volti 250, na hiyo ni kweli, lakini ubao wa majaribio, nyaya nyembamba na kisanduku cha plastiki ulichokitoboa kwa msumari havivumilii, sembuse barazani penye mvuke wa mafuta, mikono yenye maji na watoto. Ukitaka taa ya umeme wa nyumbani, nunua fotoseli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ile ya taa za nje, na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aifunge. Na ukiona rilei inatoa cheche zisizoisha, betri inafura au kupata moto, au waya unanuka, tenganisha betri na umpelekee mtu aone kwa macho. Mambo hayo hayatibiwi kwa maandishi. Chuo cha ufundi cha VETA Mwanza kina walimu wa elektroniki, na fundi redio mwenye subira akiishika mita mbele yako dakika kumi atakuonyesha mengi ambayo mimi naweza kuyaeleza tu.

Mita unayoihitaji kwa kuanzia ni ya bei ndogo. Iweke kwenye ukinzani, kiwango cha kiloomu 200, ushike miguu ya LDR ukiwa barazani magharibi yakiingia, na uandike namba kila dakika mbili. Utaona mwenyewe ikipanda. Namba ya wakati ambao mama hulalamika kwamba haoni kikaango ndiyo namba yako; zidisha mara nane hivi, upate resista inayoifaa LDR yako hasa, kwa sababu LDR mbili za mfuko mmoja hazifanani sawasawa. Usiivunje wala kuichoma iliyoharibika, maana kadimiamu ni sumu. Umoja wa Ulaya umeizuia katika vifaa vingi vya umeme tangu 2006.

Ukishafunga nje, ziba mdomo wa mrija kwa kipande cha plastiki angavu na gundi ili maji yasiingie. Na kila baada ya wiki mbili pangusa plastiki hiyo. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi watafuata taa yako, buibui watawafuata wao, na utando ukishafunika jicho la sakiti taa itaanza tena kuwaka saa tisa. Taa ya rangi ya njano huwavuta wachache kuliko nyeupe yenye weupe wa samawati, na samaki wa mama watashukuru.